Jezi Zile Odoyo Alituletea

Hapana, Kevo, hapo umepotea kabisa. Eti boarding ilikuwa jela. Eti kila kijana alikuwa anajichunga peke yake, na hizi shule za bweni zikifungwa zote hakuna mtu atatoa chozi. Uliyasema hayo mbele ya watu hapo steji ya Migori, na watu wakacheka juu wewe unajua kuongea. Sasa mimi pia najua kuongea. Na tofauti yangu na yako ni moja: mimi nililala huko. Wewe ulikuwa unaenda shule asubuhi na jioni unarudi kwa mama yako kukula ugali ya moto. Kwa hivyo nyamaza kidogo nikwambie, na wale tulisoma nao zile siku wako hapa wanasoma pia, nikidanganya watanisahihisha. Wanapenda sana kunisahihisha.

Shule yetu ilikuwa ndani ya bonde la Lambwe, mahali jua linawaka mpaka nyasi inanuka kama mkate umeungua. Upande mmoja ni milima ya Gwasi, upande ule mwingine ni ua wa mbuga ya Ruma, na siku ingine ukiwa kwa foleni ya uji ungeona twiga huko mbali anatuangalia kama mzazi amekuja kuuliza matokeo. Vijana walitoka kila pahali. Wa Homa Bay mjini walikuja na viatu zimeng'aa na maringo. Sisi wa Migori tulikuja na mdomo. Wakuria walikuja kimya, lakini ukimkanyaga mmoja utajua. Na wa visiwani walikuja na omena ya kukaanga imejaa kwa mkebe, na hao ndio walituokoa maisha.

Mama yangu anauza mitumba hapo soko ya Migori mpaka wa leo. Siku ya kunipeleka Form One alikagua kufuli ya sanduku langu, akafunga, akafungua, akafunga tena, halafu akanipa ufunguo na mkono ule mwingine akanishika sikio. "Hii kufuli nimenunua juu ya wezi," akasema. "Sijanunua juu ya marafiki. Nikisikia unakula na watu wanakuangalia, nitapanda gari nije nikuchape hapa mbele ya walimu wako." Na mama yangu hajawahi kutisha mtu bure, muulize mtu yeyote pale soko.

Nyinyi mlilala boarding, si mnakumbuka asubuhi? Kengele yetu ilikuwa ringi ya lori imening'inizwa kwa mti, na kijana aliyekuwa anaigonga alikuwa anaigonga na chuki, kama ringi ndiyo ilimfelisha hesabu. Unaruka kutoka kitandani, unashika ndoo, unakimbia kwa pampu kabla foleni haijafika kwa jikoni. Maji ya asubuhi ya Lambwe ilikuwa inauma kama matusi. Tulikuwa tunaoga nje nyuma ya bweni, tumepangwa kama viazi, tunaimba kwa sauti ndio baridi iogope. Suruali ulikuwa unainyunyizia maji kidogo, unaikunja vizuri, unaiweka chini ya godoro na unalala juu yake bila kugeuka kama maiti. Asubuhi mstari umesimama, unaweza kukata nao nyanya. Nikiwaambia vijana wa siku hizi hivyo wananiuliza kwa nini sikutumia pasi. Pasi! Stima yenyewe ilikuwa inakuja kama mgeni wa mbali, inasalimia, inaenda.

Na chakula. Uji tuliita simenti. Kulikuwa na nyoyo, ile mahindi na maharagwe imechemshwa pamoja, lakini maharagwe alikuwa haba mpaka ukimpata mmoja kwa sahani yako unasimama unatangaza, na meza yote inakupigia makofi. Ijumaa ilikuwa nyama. Yaani kulikuwa na supu, na mtu wa bahati alikuwa anakutana na nyama humo ndani. Lakini niambie kwa nini mpaka leo nikikula hoteli, sahani imejaa na hakuna mtu wa kunipigia makofi, nasikia kama kuna kitu imekosekana.

Kona yetu ya bweni ilikuwa na sheria moja haikuandikwa mahali popote. Siku ya wazazi, mama wa mmoja ni mama wa wote. Kijana ambaye hakuna mtu amekuja kumuona alikuwa anapenda kwenda kujificha darasani, anafungua kitabu, anajifanya anasoma. Sisi tulikuwa tunamfuata huko, tunamshika shati, tunamvuta mpaka pale kitenge imetandikwa na kuku imefunguliwa. "Sina njaa," anasema. "Hakuna mtu amekuuliza kama uko na njaa, kaa chini." Mama yangu alikuwa akiona sura mpya hapo haulizi maswali, anakata chapati tu. Hiyo ndiyo unaita jela, Kevo? Kuna jela watu wanakuvuta shati ndio ukule kuku?

Sasa nikwambie maneno ya Odoyo, juu hiyo ndiyo imenifanya niamke hivi.

Odoyo alitoka kisiwa cha Takawiri. Walimpatia kitanda cha juu, mimi niko chini yake. Alikuwa kijana mwembamba na mikono mikubwa ya kuvuta nyavu, na hakuwa amewahi kulala mahali hasikii maji. Wiki za kwanza alikuwa anapanda pale tangi ya maji imesimama, anaangalia huku, anaangalia kule. Nikamuuliza anatafuta nini. "Ziwa iko upande gani?" Nikamuonyesha mlima. Ziwa iko nyuma ya huo mlima, na nyuma ya ingine. Akaangalia huo mlima kama mtu amemdharau.

Watu walisema hatamaliza. Ilikuwa maneno ya kawaida pale shuleni, kwamba watoto wa visiwani hawakai Lambwe. Na kweli kabla yake mmoja alienda likizo fupi akapotelea huko, mwingine akaondoka akaacha hadi godoro. Siku moja tukiosha sahani Odoyo akaniambia mwenyewe, polepole, kama mtu ameshaamua. "Omera, mjomba ameniwekea nafasi kwa mtumbwi wake. Baba amesema shule ikinishinda nirudi tu, hakuna mtu atanikasirikia. Tukifunga hii muhula, mimi sirudi."

Mimi sina shida na uvuvi, usianze. Samaki nakula. Lakini huyu kijana alikuwa na kichwa ya hesabu haijawahi kuonekana pale. Mwalimu akituchanganya na zile pembetatu zake, Odoyo alikuwa anatueleza na mfano wa nyavu na kamba, na tunaelewa mara moja. Na hakuwa anarudi kisiwani juu anataka samaki. Alikuwa anarudi juu alikuwa mpweke, basi. Hiyo ilinikasirisha sana. Nilitaka kupigana na mtu lakini sikujua nipigane na nani.

Aliyejua cha kufanya ni Okelo. Okelo alikuwa kepteni wa timu ya mpira niliyochezea mimi, Form Four, mtoto wa hilo bonde kabisa, kwao wanachunga ng'ombe karibu na ua wa mbuga. Mtu mkubwa, maneno kidogo. Alikuja kwa kona yetu akasimama mbele ya Odoyo.

"Wewe wa kisiwani. Unajua kufua?"

"Najua."

"Kuanzia leo jezi ni zako. Soksi moja ikipotea nakutafuta."

Akaenda. Hiyo tu. Lakini kutoka hiyo siku Odoyo alikuwa na mahali pa kukaa. Alikuwa anakula meza ya timu, anabeba mpira, anapanga viatu. Kuna siku alikuta nyavu ya goli imeraruka, akakaa chini akaishona na fundo za kwao za ziwani, na ikawa nguvu kuliko ilipokuwa mpya. Watu wakaanza kumuita kwa jina badala ya kumuita kisiwani. Na ya mjomba na mtumbwi ikakwisha mdomoni mwake. Mimi nilikuwa namsikiliza kutoka kitanda cha chini, nilikuwa nangoja aiseme tena, na hakusema.

Jezi zetu za zamani zilikuwa zimekwisha. Namba zilikuwa zimebanduka mpaka refa alikuwa anatuita kwa sura. Kwa hivyo kabla ya ile mechi kubwa na shule jirani, mwalimu mkuu akakubali zinunuliwe mpya. Mwalimu wa michezo, mtu wa kutoka upande wa Rongo, akaenda Migori kuzitafuta na akamchukua Odoyo, juu yeye ndiye mtu wa jezi. Alimwambia achague rangi. Fikiria. Kijana aliyekuwa haongei na mtu, ameambiwa achagulie shule nzima.

Walirudi siku ya mechi yenyewe, wageni wameshafika wanapasha misuli. Sisi tulikuwa na furaha mpaka monos, wale vijana wa Form One, walikuwa wameshakata zile jezi za zamani vipande vipande za kupigia deki, na bweni ilikuwa imeng'aa. Odoyo akafungua gunia. Jezi ilikuwa ya mistari, bluu na nyeusi, bluu na nyeusi, nzito, mpya, inanuka duka. Yawa, ilikuwa nzuri! Sisi wote tukapiga kelele.

"Nimechagua hizi juu mtumbwi wa mjomba umepakwa hivi," Odoyo akasema, na hiyo ndiyo siku ya kwanza nilimuona akitabasamu na meno zote. "Bluu na nyeusi. Inaonekana kutoka mbali."

Okelo akachukua moja. Akaishika kwa mabega, akaiinua juu, akaangalia. Akakaa kwa nyasi, akacheka mpaka akakohoa. "Kutoka mbali," akasema. "Wuoi, itaonekana kutoka mbali, kweli kabisa."

Kama hujawahi kukaa Lambwe hutajua kwa nini alicheka, acha nikueleze. Huko kuna mbung'o, sisi Wajaluo tunamuita maugo. Ni nzi mkubwa, anauma ng'ombe na anauma mtu, na shati haimzuii, anapitia juu. Watu wa serikali walikuwa wameweka mitego huko kwa ua wa mbuga. Na mitego yenyewe ni nini? Ni kitambaa kimefungwa kwa vijiti. Kitambaa cha bluu na nyeusi. Mbung'o akiona hiyo rangi kutoka mbali anafikiria ni ng'ombe mnono, anakuja mbio. Tulikuwa tunapita hapo kila wiki tukienda kukimbia, tumeizoea mpaka hatuioni. Mwalimu wa Rongo hakufikiria. Na Odoyo angejulia wapi? Mdudu aliyemjua ni sam, wale wadogo wa ziwani wanakuja kama moshi na hawaumi mtu. Kwa hivyo mtoto wa watu alienda mpaka Migori, akasimama mbele ya rangi zote za dunia, akatuletea rangi ya mtego.

Na hatukuwa na ingine. Zile za zamani ziko kwa ndoo ya deki. Tukavaa.

Kevo, hujawahi kuona mpira kama huo. Dakika za kwanza nilifikiria mtu amenidunga na sindano shingoni. Nikajipiga kofi. Nikaangalia winga wetu, Ouma, mtoto wa Homa Bay mjini, kijana wa maringo, naye anajipiga makofi mgongoni. Kipa wetu Mwita, Mkuria, hajawahi kulalamika juu ya kitu, alikuwa anapiga mlingoti wa goli teke. Walikuwa wanakuja kutoka upande wa mbuga, huoni wanatoka wapi, unawasikia tu. Wageni walikuwa na jezi ya manjano, hakuna mdudu aliyewagusa, wanacheka mpaka wanashindwa kukimbia. Mpira ukapita katikati yangu na Mwita, mimi nikiwa na mikono yote miwili nyuma najikuna. Goli.

Lakini mbaya haikuwa hiyo. Mbaya ilikuwa watu wetu wenyewe. Mmoja akapiga kelele kutoka kwa mashabiki, "Odoyo! Umetuletea jezi ama umetuletea ngozi ya ng'ombe?" Shule yote ikaanguka. Mwingine akaimba, "Timu ya mitego!" wakaitikia. Na mimi nikiwa beki wa kushoto, upande wa benchi, nilikuwa naona. Kila wakicheka, kichwa ya Odoyo inashuka. Ilishuka mpaka haikuwa na mahali pa kushuka tena. Halafu nikaangalia tena, hayuko.

Mapumziko ikafika. Mwalimu wa michezo akaja anakimbia na fulana nyeupe za PE kwa mkono, jasho inamtoka, maskini. "Nimeongea na refa, amekubali. Toeni hizo, vaeni hizi, haraka." Vijana wakaanza kuvua. Ni wakati huo niliangalia bweni, na nikamuona. Odoyo alikuwa ametoa sanduku lake mpaka veranda. Alikuwa amepiga magoti juu ya godoro, anaikunja, anaifunga na kamba, na zile fundo zake za ziwani ambazo hazifunguki.

Nikamshika Okelo mkono nikamuonyesha.

Okelo akaangalia veranda. Akaangalia fulana nyeupe. Ouma alikuwa ameshatoa mkono mmoja kwa jezi. "Mimi nimeumwa mpaka mahali siwezi kuonyesha mama yangu," Ouma akasema. "Hii kitu inatoka."

"Vua," nikamwambia. "Vua uone kitu nitakufanyia." Najua, mimi huwaka haraka. Tulikuwa tumeshikana tayari, kifua kwa kifua, mbung'o wanatuuma wote wawili bila kupendelea.

"Tukivua," Okelo akasema, "huyo anaenda."

Kila mtu akageuka akaangalia veranda.

"Na tusipovua?" Ouma akauliza.

"Tutaumwa."

Hiyo ndiyo hotuba yote ya Okelo, hakuongeza kitu. Ouma akatukana. Akawatukana mbung'o na mama zao, akatukana mbuga, akatukana yule alitengeneza rangi ya bluu. Halafu akarudisha mkono ndani ya jezi, akachomeka vizuri kwa kaptura, na akatangulia uwanjani kabla ya sisi wote.

"Nyinyi muko na wazimu?" mwalimu akatuuliza.

"Ndiyo, mwalimu," Mwita akajibu, kwa heshima kabisa.

Shule ikatuona tunarudi na jezi zile zile. Kicheko ikakatika. Na watu wetu si wajinga, wakaangalia veranda, wakaelewa. Yule yule aliyeuliza ya ngozi ya ng'ombe ndiye alikuwa wa kwanza kuvunja tawi la mti. Halafu wengine wakavunja. Wakajipanga kwa mstari wa uwanja kuzunguka, na kila mpira ukitoka nje wanatupiga matawi mgongoni na kichwani, wanafukuza mbung'o, monos na Form Four pamoja, mpaka mpishi alitoka jikoni na ufagio. Refa alishindwa aandike hiyo ni makosa gani.

Na kitu ingine ikaanza. Wale wa manjano wakaacha kutukaribia. Ouma alikuwa akichukua mpira anakuja na kundi la wadudu nyuma yake kama bwana harusi na msafara, na beki wao, kijana mkubwa, anaangalia hiyo kitu inakuja, anahesabu mambo yake, anasonga kando. Alimfungulia barabara kabisa. Ouma akapita, akapiga, goli.

Hakusherehekea na sisi. Alitoka nje ya uwanja, akakimbia moja kwa moja mpaka veranda, na sisi wote nyuma yake, na wadudu wetu, na refa anapiga filimbi anatuita turudi. Odoyo alikuwa amesimama na godoro kichwani. Alituona tunakuja kama watu wamekuja kumpiga, akarudi nyuma mpaka ukuta.

Ouma akasimama mbele yake, anapumua, uso umefura upande mmoja. "Wewe fala," akamwambia. "Jezi ni safi. Imekosa mkia tu."

Odoyo akamwangalia. Kuna kitu ilipita kwa uso yake, nikafikiria atalia. Akacheka. Akacheka godoro ikaanguka, akakaa juu yake, akaendelea kucheka, na machozi pia ilikuwa inatoka, lakini hapo hakuna mtu alikuwa anaangalia sana. Refa akaja akatupatia kadi ya manjano, sote, na tukarudi kucheza. Nilipogeuka kurusha mpira niliona Odoyo kwa mstari, na tawi kubwa kuliko la mtu yeyote, anapiga wadudu na mimi pia ananipiga.

Tulifungwa. Najua utauliza, Kevo, wewe ni mtu wa kuuliza hivyo. Mbili kwa moja, dakika za mwisho, Mwita alikuwa na jicho moja halifunguki. Tulifungwa na tukabebwa mabegani mpaka jikoni, wale waliotushinda wanashangaa ni nani ameshinda. Watu wa zahanati walikuja kutupima damu, wakarudi tena kutupima, na hakuna mtu alishikwa na ule ugonjwa wa malale mbung'o analeta. Mwalimu mkuu alimwita mwalimu wa michezo ofisini na mlango ukafungwa muda mrefu. Jezi zikabadilishwa na shule moja ya kule juu mahali hakuna mbung'o, na wao walifurahi sana, walisema inaonekana kutoka mbali.

Na Odoyo alirudi muhula uliofuata. Nilikuwa kitandani nikasikia sanduku inaburutwa, mkebe wa omena ukatua karibu na kichwa yangu, na miguu mikubwa ikapanda juu yangu. Akamaliza Form Four hapo hapo Lambwe, nyuma ya milima yote hiyo. Leo anafundisha hesabu shule moja ya pwani ya ziwa, na akinipigia simu nasikia watoto wanapiga kelele nyuma yake, na mtumbwi, na upepo. Anawafundisha na mfano wa nyavu. Mjomba wake ndiye anajigamba kwa watu sana, eti yeye ndiye alimtuma shule.

Sasa sikatai kila kitu. Kulikuwa na viranja wabaya. Kulikuwa na njaa, kuna mono alilia na mimi nilimsikia. Kama unasema watoto walindwe, mimi niko na wewe, nitaenda na wewe mpaka ofisi ya elimu na nitaongea kwa sauti kubwa kuliko yako. Lakini usiniambie tulikuwa kila mtu na lake.

Siku hizi naona vijana wakikosana mmoja anatoka kwa grupu ya simu, inaandikwa fulani ametoka, na maisha inaendelea. Hakuna mtu anaenda kusimama kwa mlango wake. Mtu anapotea na watu wanafikiria labda hana bando. Sisi ukitaka kutoka ilibidi ubebe godoro, na godoro inaonekana, na watu wanakukimbilia. Lakini sijakata tamaa na wao. Juzi mtoto wa dada yangu, ako bweni huko upande wa Homa Bay, kijana wa kujipaka mafuta ya nywele na kuongea kama redio, aliniomba nimtumie malapa. Nikamuuliza ya kwanza imeenda wapi, nikiwa nimeshaanza kuwaka. Akasema iko, lakini kuna msee kwa kyubu yao, ile kona wanalala, amekuja juzi kutoka mbali, haongei na mtu, anaoga miguu mtupu, na yeye hataki huyo msee ajisikie vibaya. Akasema hivyo haraka haraka, kama anaona aibu. Nikatuma malapa hiyo hiyo siku, na nikaongeza mkebe wa omena.

Kwa hivyo hii maneno ya kufunga shule za bweni ama kuziacha wacheni wakubwa waamue, mimi sikusoma sana, vitu mingi nimejifundisha mwenyewe. Swali langu ni ndogo. Kevo, na wewe unayesoma hapa ukitingisha kichwa: ni nani huyo alikuwa ameshafunga godoro, na akabaki kwa sababu yako?